Kadi Iliyogonga Mara Arobaini na Moja

Siku ya pili ya kumtafuta Dada Takwimu ilifika saa nne kasoro robo asubuhi, na Inspekta Sindano alikuwa hajapata hata kiatu chake. Alikuwa amekaa ghorofa ya pili ya mamlaka ya maji, katika chumba chenye kompyuta tatu, feni iliyogoma na dirisha lisilofunguka, akitazama jedwali la mistari elfu nne ambalo kwake lilikuwa giza tupu.

Sindano lilikuwa jina la kazini. Wenzake walimpa kwa sababu maswali yake yalikuwa mafupi na yaliingia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza anapofikiri, na asubuhi hiyo viatu vilikuwa vimevuliwa tangu saa mbili. Hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Leo alitishika. Aliijua kazi yake vizuri: binti akipotea nusu siku, unamtafuta binti, akifikisha saa arobaini unaanza kutafuta mwili, ila hakuna anayethubutu kulisema hilo mbele ya mama yake.

Na mama yake alikuwa hapo hapo nje, kwenye benchi la korido. Bibi mmoja mfupi, mkoba umepakatwa mapajani, macho kwenye mlango. Kila mlango ulipofunguka alinyanyuka nusu, kisha akakaa tena. Sindano alikuwa ameanza kuuogopa mlango huo kuliko kitu chochote katika jengo lile.

Dada Takwimu ndivyo walivyomwita kazini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikusanya takwimu za matangi yote thelathini na moja ya mji: lipi limesafishwa, lipi lina dawa ya kutosha, lipi linavuja. Jumanne saa saba mchana aliondoka ofisini na gari la dereva wa kukodi. Hakurudi. Simu yake ilizimika alasiri ile ile.

"Tayari, Inspekta," alisema Profesa.

Huyu hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa mkuu wa chumba cha takwimu, mwembamba kama kalamu, miwani imefungwa uzi sikioni, na jina hilo alilipata kwa sababu ukimuuliza saa atakueleza kwanza saa hutengenezwaje.

"Tayari nini? Nieleze kwa lugha ya watu."

"Kila mlango wetu, hapa na kwenye matangi, una kisanduku cha kadi. Unagonga kadi ukiingia, unagonga ukitoka. Kisanduku kinaandika siku, saa, kadi ya nani, mahali gani na kwa sababu gani. Huo ni mstari mmoja. Mwezi huu tuna mistari elfu nne. Huwezi kuisoma yote kwa macho, utapofuka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeongeza safu mpya pembeni. Safu ya masharti. Unaiambia programu: kama mstari una kitu hiki, basi andika neno hili. Kama hauna, angalia sharti linalofuata. Masharti yakiisha yote bila kufaa, andika neno la mwisho. Inapita mstari kwa mstari, inaupa kila mmoja jina lake."

Alimwonyesha kwa kidole. Masharti yalikuwa yamepangwa kutoka juu kwenda chini, meupe na mafupi:

Kama sababu ni matengenezo, basi "Kawaida".
Kama kadi ni ya Dada Takwimu, basi "Yeye".
Kama kadi ni ya mgeni, basi "Mgeni".
La sivyo, "Wengine".

Profesa akabonyeza, na safu mpya ikajaa maneno kutoka juu hadi chini kwa muda wa kupepesa jicho. Akachuja yaliyoandikwa "Yeye" peke yake. Ikabaki mistari arobaini. Wa mwisho ulisomeka: Jumanne, saa saba na dakika tano mchana, geti la ofisi, kutoka.

"Baada ya hapo hakuna," alisema. "Kadi yake haikugonga popote."

Sindano alikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili. Hapo ndipo yule dereva alipokuwa anazidi kuzama. Tangu jana yuko mahabusu, na Sindano ndiye aliyetia saini. Dereva aliapa kwamba alimshusha binti njia panda, binti akapanda gari lenye nembo ya mamlaka ya maji, na yeye akaendelea na hamsini zake. Namba ya gari hakuitazama. Uso wa aliyekuwa anaendesha hakuuona. Sasa kama gari la mamlaka lilimchukua, lilimpeleka wapi, ikiwa kadi yake haikugusa mlango wowote wa mamlaka?

"Dereva anadanganya," Profesa alisema kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe.

"Labda."

Mlango ukafunguka. Mama kule nje akanyanyuka nusu. Aliyeingia alikuwa Koplo, mzee wa makamo mwenye magoti mabovu na karatasi mkononi, akipumua kama aliyepanda mlima badala ya ngazi mbili.

"Afande, nimetoka kwa yule mama anayetoa kadi, kule chini. Ana kimashine chake kinachopokea hesabu kutoka milangoni, kila kadi imegonga mara ngapi mwezi huu, ili ajue ikianza kuchakaa. Nikamwambia anisomee ya binti."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Profesa alicheka kidogo. "Kimashine kile cha zamani, mzee wangu. Hata upepo ukitikisa mlango kitahesabu. Arobaini, arobaini na moja, tofauti gani?"

Sindano hakucheka. Alirudisha miguu yote miwili sakafuni.

"Koplo, leo asubuhi umeingia dukani?"

"Nimeingia, afande. Nilinunua wembe."

"Umeingia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ukatoka mara ngapi?"

"Mara moja. La sivyo ningekuwa bado humo." Koplo alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni kabla halijafika popote.

"Kadi inagonga kuingia na inagonga kutoka," Sindano alisema polepole. "Hesabu ya mtu mzima aliyerudi nyumbani lazima igawanyike kwa mbili. Arobaini inagawanyika. Arobaini na moja haigawanyiki."

Nje, mama alikohoa. Sindano alijua ameshasema jambo ambalo hawezi kulirudisha. Kuna mahali binti yule aliingia, na hakutoka.

"Mstari wa arobaini na moja uko wapi, Profesa?"

"Hakuna mstari uliopotea. Nimekwambia, kila mstari umepewa jina."

"Basi huo umepewa jina lisilo lake. Mstari gani unaweza kuitwa Kawaida na wakati huo huo ni Yeye?"

Profesa akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa tena.

"Sharti la kwanza likikubali, programu haisomi la pili," alisema. "Inaandika neno na kwenda mstari unaofuata. Mpangilio ndio unaoamua."

"Kwa hiyo mstari wake ukiwa na sababu ya matengenezo…"

"Unaitwa Kawaida. Haufiki kwenye sharti lake."

"Na nani aliyeweka matengenezo juu?"

"Sisi sote. Ni mazoea ya ofisi, Inspekta. Mistari ya mafundi ni mingi mno, elfu tatu katika elfu nne. Siku zote tunaiondoa njiani kwanza ndipo tuone vizuri. Hata sikufikiri, mkono uliandika wenyewe." Alitazama jina lake kwenye skrini. "Yeye alilalamika kwenye kikao mwezi uliopita. Alisema kwa mpangilio huu fundi anaweza kufanya lolote na sisi tusione."

"Nani aliyempinga?"

"Fundi Mkuu. Alisema hana muda wa kuchunguzwa na watoto."

Sindano alikunja karatasi ya Koplo na kuitia mfukoni. "Pandisha sharti la binti juu."

Profesa alilishika sharti la pili, akalivuta, akaliachia juu ya la kwanza. Safu ikajiandika upya. Wakati huu mistari ya "Yeye" ilikuwa arobaini na moja, na ule mpya ulikuwa chini kabisa.

Jumanne. Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Tangi la Tisa. Kuingia.

Koplo alivua kofia, akakumbuka kwamba bado hakuna msiba, akaivaa tena kwa haraka kama mtu aliyefanya nuksi.

"Alikwenda kufanya matengenezo gani huyu? Ni mtu wa takwimu," Sindano aliuliza.

"Tangi la Tisa lilitolewa maji wiki iliyopita, lisafishwe. Kituo kikiwa kwenye matengenezo, kila anayegonga anaandikiwa sababu hiyo hiyo, awe fundi, awe waziri."

"Nionyeshe wote waliogonga pale Jumanne."

Walikuwa wawili tu. Kadi namba kumi na saba iliingia saa tisa na dakika kumi na moja. Dakika moja baadaye ikaingia ya binti. Saa tisa na dakika thelathini na nne, kadi namba kumi na saba ikatoka.

"Kumi na saba ni ya nani?"

Profesa hakuhitaji kutazama. "Ya Fundi Mkuu."

Ndipo yote yakamtoka, kwa sauti ya chini, mikono imeshika kichwa. Binti alikuwa ametengeneza safu nyingine ya masharti, peke yake. Kama fomu inasema tangi limesafishwa, na siku hiyo mlango wa tangi haukufunguliwa, basi andika "Hewa". Matangi kumi na manne yalitoka Hewa. Kumi na manne ambayo Fundi Mkuu alitia saini kwamba yamesafishwa, na hakuna mguu uliokanyaga humo mwaka mzima. Lile la tisa ndilo lililokuwa linanywesha mtaa ambao watoto wake walijaa wodini mwezi uliopita kwa kuharisha.

"Alikwambia lini?"

"Jumatatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia asubiri. Nikasema ni busara kwanza nizungumze na Fundi Mkuu, tusije tukamwaibisha mtu mzima." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilizungumza naye Jumatatu jioni."

Sindano alitamani kumzaba kofi, akaona hana muda huo. "Tangi likitolewa maji kuna hewa ndani?"

"Ipo. Kubwa kama ukumbi. Mtu anaweza kuishi humo siku kadhaa. Kuna kifuniko cha chuma juu na ngazi ya kushukia…" Profesa aligeukia kompyuta ya pembeni, ile inayoonyesha hali ya matangi kila dakika. Kidole chake kilishuka hadi mstari wa tisa kikasimama hapo.

"Nini?"

"Kujaza ilikuwa wiki ijayo. Ratiba nimeipanga mimi."

"Profesa! Nini?"

"Linajaa. Limeanza saa tatu asubuhi."

Kwenye safu ya kina kulikuwa na sentimita arobaini na tatu. Walipokuwa wanatazama ikawa arobaini na nne. Mtu mzima aliyesimama, maji hayo hayamfiki kiunoni. Aliyelala chini ameumia yalishamfunika kitambo.

"Pigia chumba cha pampu wazime."

"Hawapokei amri ya simu. Mwaka juzi mtu alipiga simu akajifanya mkubwa, bomba likapasuka, akafa mtu. Tangu hapo wanasikiliza vitu viwili tu: Fundi Mkuu akiwa amesimama mbele yao, au safu hii hapa." Alionyesha safu iliyoandikwa Hali. "Ikisema 'Funga', wanafunga. Hawaulizi. Na hawafungui tena mpaka maabara itie saini."

"Inaandikwaje?"

"Kwa masharti hayo hayo. Dawa ikizidi, Funga. Kina kikipita mwisho, Funga. Maji yakipanda, Linajaa."

"Weka lako juu ya yote. Kama tangi ni la tisa, basi Funga."

"Inspekta, nikiigusa safu hiyo bila saini nafukuzwa leo leo."

"Usipoigusa utasimama mahakamani kama mtu aliyekaa kitini akitazama namba zikipanda. Chagua." Akamgeukia Koplo. "Chukua gari. Vunja mlango, vunja kifuniko, vunja utakachokikuta. Ita ambulensi njiani. Na ukipita koridoni tembea kama unakwenda chooni."

"Afande, magoti haya…"

"Mzee wangu, yaazime mengine."

Sindano mwenyewe alimfungulia mlango. Kwenye benchi, mama wa binti hakuwa peke yake. Pembeni yake aliketi mwanamume mpana wa mabega, ovaroli safi, mvi zimechanwa vizuri, akimpepea bibi yule taratibu kwa gazeti. Alinyanyua uso akatabasamu kwa huzuni.

"Kuna jipya, afande? Huyu mama anateketea."

Ilikuwa sauti nzuri ya mtu wa watu. Koplo alipita mbele yake bila haraka, akijikuna mgongo. Sindano alisikia kila hatua yake kwenye ngazi, na alihesabu zote mpaka ya mwisho.

"Bado, Fundi Mkuu," alisema. "Tunahangaika na kompyuta tu. Karibu ndani kidogo utusaidie, wewe unawajua watu wako kuliko sisi."

Angeweza kukataa. Alitazama mlango, akamtazama mama, akamgusa bega. "Narudi sasa hivi, mama." Akaingia.

Sindano alifunga mlango nyuma yake na kuketi mahali ambapo mgongo wake ulifunika kompyuta ya Profesa. Peku, alitoa daftari kama mtu mwenye asubuhi nzima ya kupoteza. Nyuma yake alisikia vidole vikitafuta herufi, vikikosea, vikifuta.

"Yule dereva," alisema. "Unamfahamu?"

"Sana. Mtu wa chupa. Nilimwonya binti asipande gari lake."

"Ulimwonya lini?"

"Jumanne hiyo hiyo, asubuhi."

"Mlionana tena baadaye?"

"Hapana. Masikini, ningejua."

"Alasiri ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu. Makaratasi. Unajua ukubwa ulivyo, afande, siku hizi sishiki hata spana."

"Hukutoka kabisa?"

"Hata kwenda haja." Alicheka. Hakuna aliyemsindikiza kucheka, na macho yake yakaanza kumtafuta Profesa. "Mbona Profesa kimya leo? Kawaida yake hatufungui mdomo akiwepo."

"Kichwa," Profesa alisema. "Kinaniuma."

"Jamani! Na kichwa hicho unaandika nini hapo?" Fundi Mkuu aliinuka ili aone vizuri.

Simu yake ikaita.

Aliitazama, akaipokea akiwa amesimama. "Sema." Akasikiliza. Rangi ya uso wake haikubadilika, ila kope ziliacha kupepesa. "Nani kasema? Hapana, hilo ni kosa la kompyuta. Puuzeni. Endeleeni."

Chumba kilikuwa kidogo na simu ilikuwa ya sauti kubwa. Wote watatu walimsikia mtu wa pampu upande wa pili akisema kwa heshima: "Fundi, safu imeandika Funga. Tumeshafunga. Wewe mwenyewe ulitukataza kusikiliza simu, hata yako."

"Nimesema fungueni!"

"Njoo basi, Fundi. Ukija ukasimama hapa na karatasi ya maabara, tutafungua."

Fundi Mkuu alishusha simu. Alimtazama Profesa, kisha akamtazama Sindano, na ile huzuni nzuri ya usoni ikawa imeondoka yote. Aliyebaki alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa mbele ya mwanamke na mwanamume dhaifu, anayepima umbali wa mlango.

"Kadi namba kumi na saba ni ya nani?" Sindano aliuliza.

"Kadi inaweza kuibwa."

"Sijasema imefanya nini."

Alipiga hatua moja. Sindano alisimama katikati ya yeye na mlango. Kichwa chake kilimfika mtu huyo kifuani, viatu viko chini ya meza, na bunduki yake ilikuwa kwenye kabati la kituo kwa kuwa asubuhi alidhani anakuja kusoma jedwali. Alijua Fundi Mkuu anayaona hayo.

"Ukifungua mlango huo," alisema, "kuna askari wawili wamejibanza kando. Vijana, wanajifunza kazi, wana haraka ya kupiga risasi. Mimi nisingewapa nafasi."

Nje ya mlango ule hapakuwa na askari hata mmoja. Palikuwa na bibi mzee na benchi.

Fundi Mkuu alisikiliza. Korido ilikuwa kimya kabisa, na kimya hicho ndicho kilichomdanganya. Mabega yake yalishuka. Aliketi, na Sindano akamfunga pingu mkono mmoja na mguu wa kabati la chuma haraka.

"Yuko hai?" alimuuliza.

Fundi Mkuu alivuta pingu, kabati halikusogea.

"Nakuuliza, ulimwacha hai?"

"Alianguka ngazini," Fundi Mkuu alisema akitazama sakafu. "Mimi sikumsukuma. Nilifunga kifuniko tu."

Kina kilikuwa kimesimama kwenye sentimita arobaini na tisa. Sindano alikaa mbele ya namba hiyo, simu mezani, na kusubiri. Dakika tano. Kumi. Profesa alikuwa anasali bila sauti, midomo tu ikicheza. Kumi na mbili. Simu ilipotikisika Sindano aliidaka kabla haijaita.

"Mlango nimeungoa," Koplo alisema akihema. "Kifuniko kimebanwa kwa nati nne. Nimebakiza moja. Nakuweka chini kidogo."

Zikafuata nyundo, chuma kwa chuma, na matusi ya mzee. Kisha kitu kizito kikaburuzwa. Kisha hakuna kitu. Sindano alibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Koplo?"

Hakuna.

"Koplo, sema na mimi!"

"Namwona, afande." Sauti ilikuwa imepasuka. "Yuko kwenye ngazi. Amejifunga mtandio kwenye ngazi ili asidondoke akisinzia. Mguu umevunjika, umegeukia upande. Maji yako chini yake kidogo tu."

"Anapumua?"

"Anapumua. Lakini hataki nimguse. Anapiga kelele nisimsogelee. Anataka kuzungumza na mtu mwanamke."

"Mpe simu."

Ilichukua muda. Sauti iliyokuja ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyelia mpaka koo likaisha.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Yuko hapa na mimi. Mzima kabisa. Na wewe sasa umepona, mdogo wangu."

"Na Fundi yuko wapi?"

"Yuko hapa pia, lakini…"

"Msimwache na mama!" Ukelele ulijaa chumba chote, Fundi Mkuu akafumba macho. "Mimi ndiye niliyemtaja. Alipokuwa anafunga nilimwambia uongo kwamba mama anajua yote, nimemweleza. Nilidhani akisikia kuna mwingine anayejua ataniachia. Akaniuliza mama yangu anakaa wapi. Dada, msimwache na mama yangu!"

Mlango ulifunguliwa kwa adabu, kidogo tu. Mama aliingiza kichwa, mkoba umeshaning'inizwa begani. Kutoka pale aliposimama kabati lilimzuia asiione pingu.

"Samahani, mwanangu, nakukatizia kazi," alimwambia Sindano. "Nimekuja kuwaaga tu. Huyu baba kanihurumia, anasema anipeleke nyumbani kwangu nikapumzike. Ameniuliza kama nakaa na mtu, nikamwambia naishi peke yangu. Gari liko chini, na mimi nimeshakubali."

Sindano akamwekea mama simu sikioni.